Kijana wangu anapanda milima ya theluji huko Norway. Nimuulize nini?

Swali: Mtaalamu, naandika kutoka Ipagala, Dodoma. Kijana wangu yuko Tromsø, Norway, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Tangu Februari wenzake wamemfundisha kutembea kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, na sasa karibu kila Jumamosi wanapanda milima isiyo na njia wala walinzi. Nimesikia kwamba theluji huporomoka ikafukia watu. Nilipomuuliza akaniambia, "Mama usijali, hatari ya leo ni tatu kati ya tano, ya katikati tu." Mimi theluji nimeiona kwenye televisheni. Nimkataze? Au kuna maswali ninayoweza kumuuliza ili nijue kama anaelewa anachokifanya?

Jibu: Mbukwenyi, mama.

Naanza na hiyo tatu kati ya tano, maana ndiyo iliyonishtua kuliko yote uliyoandika. Kijana wako ameichukulia kuwa ni nusu ya njia, na kipimo hicho hakikupangwa hivyo. Nchi za Ulaya hutangaza hatari ya maporomoko ya theluji kwa ngazi tano. Ya kwanza ni hatari ndogo, ya pili ni ya wastani, ya tatu ni kubwa kiasi cha kudai tahadhari ya kweli, ya nne ni kubwa, na ya tano ni kubwa mno. Kwa hiyo akifika ya tatu, wastani ameshaupita. Tena ngazi hizo hazipandi kwa hatua zilizo sawa: kutoka moja kwenda nyingine hatari inaruka.

Ngazi ya tano hutangazwa kwa nadra, pale theluji inapotishia hata vijiji na barabara, na siku hiyo hakuna anayekwenda mlimani kujifurahisha. Inayoua zaidi ni ya tatu. Katika milima ya Alps, karibu nusu ya wanaokufa kwa maporomoko hufa siku zilizotangazwa kuwa za ngazi hiyo. Mara nyingi ni siku nzuri kwa macho. Dhoruba imepita, jua limetoka, theluji mpya inang'aa, na vijana waliokaa ndani wiki nzima wanatamani kutoka. Ukisoma maelezo ya ngazi yenyewe, yanasema wazi kwamba uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuiporomosha theluji kwenye mteremko mkali. Mtu mmoja, mama. Mwanao peke yake.

Hilo halina maana kwamba siku ya ngazi ya tatu lazima abaki chumbani. Namba ile inatolewa kwa eneo kubwa zima lenye milima mingi, na ndani ya eneo hilo, siku hiyohiyo, kuna mahali mtu anatembea salama kabisa na mahali asipopaswa kukanyaga. Kinachopatenganisha ni ukali wa mteremko, ambao hupimwa kwa nyuzi. Ukiniuliza swali moja la kumuuliza kwenye simu, basi ni hili: "Mteremko mtakaopita, na ule utakaokuwa juu ya vichwa vyenu, una nyuzi ngapi?" Akikujibu kwa namba, na akakueleza ameipataje, tulia kidogo. Akikujibu kwamba wenzake wanajua, endelea kumsumbua.

Nieleze kwa nini naling'ang'ania hilo. Mimi ni mjiolojia, na kazi yangu hapa Dodoma inahusu miteremko inayoporomoka. Nilisoma Norway, na kule huwezi kusoma miteremko ukaiacha theluji. Hapa kwetu tunapotaja maporomoko tunakumbuka Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliushukia ule mlima, tope, mawe na miti vikateremka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wale hawakuufuata mlima. Mlima uliwafuata majumbani mwao. Kwa hiyo tukisikia "maporomoko" akili yetu huenda moja kwa moja kwenye balaa linaloshuka lenyewe, ambalo mtu hana la kufanya isipokuwa kumwomba Mungu. Kwa wanaotembea kwenye theluji mambo ni tofauti sana. Takriban mara tisa kati ya kumi ambapo mpanda mlima ameuawa na poromoko, aliyelianzisha ni yeye mwenyewe au mwenzake wa msafara uleule. Hawakuangukiwa. Walilivunja. Na kile ambacho mtu anakianzisha kwa miguu yake, anaweza pia kuchagua kutokianzisha. Mwombee mwanao, lakini ujue pia kwamba sehemu kubwa ya usalama wake imo mikononi mwake.

Inakuwaje mtu mmoja avunje mlima? Theluji ya majira yote ya baridi haikai juu ya mlima ikawa kitu kimoja. Kila dhoruba huacha tabaka lake, na kila tabaka lina ugumu na uzito tofauti na jirani yake. Kuna yaliyopigwa na upepo hadi chembe zikasagika na kushikana, yakawa bamba gumu unaloweza kulikata kwa msumeno. Kuna mengine ambayo hayana nguvu kabisa. Usiku mtulivu wa baridi kali, unyevu wa hewani huganda juu ya theluji na kuota fuwele nyembamba zilizosimama wima. Kesho yake theluji mpya ikizifunika taratibu, zinabaki humo ndani zikiwa dhaifu kwa siku nyingi, pengine wiki kadhaa. Aina nyingine huota chini kabisa, mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa bado haba. Ardhi iko karibu na nyuzijoto sifuri, hewa ya juu iko chini ya sifuri kwa nyuzi 15 au 20, na mvuke unapopanda kati ya hizo mbili unazigeuza chembe ndogo kuwa fuwele kubwa zisizoshikana. Ukizichota kiganjani na kuzikandamiza, haziundi donge. Zinamwagika.

Sasa weka bamba gumu juu ya tabaka dhaifu la namna hiyo, kisha mpitishe mtu. Uzito wake unapenya hadi chini, tabaka dhaifu linavunjika pale alipo, na ule ufa unakimbia chini ya bamba kulia na kushoto, kupanda na kushuka, haraka kuliko mtu yeyote anavyoweza kukimbia. Bamba lote linaachia kwa mara moja, na mara nyingi linakatikia juu yake, kwa hiyo yeye yumo ndani ya kile kinachoanza kuteleza. Chukua bamba dogo la urefu wa mita 50, upana wa mita 50 na unene wa nusu mita. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoshindiliwa na upepo huweza kuwa na kilo 200. Zidisha, utapata tani 250. Kwa wataalamu wa theluji hilo wala si poromoko kubwa, na ndani ya sekunde chache linaweza kufikia kasi ya gari lililo barabara kuu.

Watu huniuliza mbona hayatokei Kilimanjaro. Barafu ya Kibo ni barafu ya kale iliyoshikamana, inayozidi kupungua, na theluji mpya inayoanguka pale ni kidogo na jua la ikweta huimaliza upesi. Haipati nafasi ya kujipanga tabaka juu ya tabaka kwa miezi sita. Kule wapandaji wanatishiwa zaidi na ugonjwa wa mwinuko, na kwenye baadhi ya njia mawe yanayoanguka. Uzoefu wa Kilimanjaro, kama kijana wako anao, haumsaidii hapa.

Turudi kwenye nyuzi. Mabamba ya theluji huachia kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na mengi huachia karibu na nyuzi 38. Chini ya 30 ni nadra. Juu sana, nyuzi 55 na kuendelea, theluji hudondoka kidogokidogo kila inaponyesha, haikusanyiki vya kutosha. Hapo Ipagala wanajenga kila kona, kwa hiyo nenda kaangalie lori linapomwaga mchanga mkavu kwa fundi. Lile rundo likishatulia, ubavu wake unakaa kwenye nyuzi 30 hadi 35 hivi. Mteremko wa namna hiyo, uliofunikwa na theluji na kurefushwa hadi mita mia tatu, ndio unaoanza kuua. Simama mbele ya rundo ulitazame: halionekani kali hata kidogo, na hapo ndipo vijana hukosea, kwa sababu mteremko mzuri kuteleza kwa skii na mteremko mzuri kwa bamba kuachia ni mteremko uleule.

Kwa bahati njema nyuzi zinapimika kabla mtu hajatoka nyumbani. Ramani za Norway huwa na kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, kila mita 20 za mwinuko. Kwenye ramani ya 1:50,000, kontua zikikaribiana kuliko milimita 0.7, hapo mteremko umeshapita nyuzi 30. Siku hizi hata rula haihitajiki: idara ya serikali ya Norway inayoshughulikia maji na nishati, NVE, ina ramani ya mtandaoni ambayo miteremko imepakwa rangi kulingana na ukali wake, na inaonyesha pia mahali poromoko linapoweza kufika likishaanza. Akiwa mlimani, simu yake ina uwezo wa kupima ulalo akiilaza juu ya fimbo ya skii iliyolala kwenye theluji. Yote hayo ni bure.

Mwambie asiishie kuangalia mteremko alioukanyaga. Mtu anaweza kuwa anatembea bondeni kwenye tambarare huku juu yake pananing'inia mteremko wa nyuzi 40. Tarehe 5 Machi 1986, katika bonde la Vassdalen kaskazini mwa Norway, poromoko lilishuka juu ya wanajeshi waliokuwa mazoezini na 16 wakafa. Tena kuna siku ambazo tabaka dhaifu limeenea sana hata mtu akikanyaga pale chini penye ubapa, ufa unasafiri hadi juu na kulileta bamba lote kwake. Atazame pia kilicho chini yake. Poromoko dogo, ambalo kwenye uwanja wazi lingemwangusha tu na kumwacha, likimsukumia kwenye korongo linamfukia mita kadhaa, na likimpeleka kwenye genge halihitaji kumfukia. Sisi wa Dodoma tunajua mambo ya makorongo, tumeyaona yalivyoila ardhi ya Kondoa. Kule mlimani korongo linatisha zaidi kwa sababu limejaa theluji na halionekani kuwa shimo.

Baada ya mteremko linakuja suala la siku yenyewe, na hapa mchawi mkubwa ni upepo. Tromsø iko kando ya bahari, upepo haupumziki. Theluji inayonyesha kwa utulivu haina ubaya mwingi. Ikipulizwa, inanyanyuliwa kutoka upande mmoja wa mgongo wa mlima na kurundikwa upande wa pili uliokingwa, kwa kasi inayoweza kuwa mara kadhaa ya ile ya theluji kunyesha. Anga linaweza kuwa jeupe kabisa, hakuna punje inayodondoka, na bado mabamba yanajengeka upande ule. Kwenye kilele upepo hujenga pia kingo za theluji zilizotokeza hewani, na aliyesimama juu yake hajui kama chini ya nyayo zake kuna mwamba au hakuna kitu. Kingo hizo zikikatika hukatikia nyuma zaidi ya mtu anavyotarajia, kwa hiyo atembee mbali nazo.

Joto nalo lina zamu yake. Likipanda ghafla, au mvua ikinyesha juu ya theluji, uimara wote hupungua ndani ya saa chache. Aprili na Mei jua la kule linakuwa refu na lenye nguvu. Asubuhi theluji imeganda ngumu, mchana inalainika na kuanza kushuka ikiwa imelowa. Wakati huo mtu huondoka mapema na kuwa ameshateremka kabla jua halijaulainisha ule mteremko.

Mlima wenyewe pia huwa unasema, na lugha yake haihitaji shahada. Ishara kubwa kuliko zote ni kuona poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na ule anaotaka kuupanda. Nyingine ni nyufa zinazokimbia kwenye theluji kutoka kwenye ncha za skii zake. Ya tatu wengi huisikia kabla ya kuiona: mtu anakanyaga, theluji yote inashuka kidogo kwa pamoja na kutoa mguno mzito, wumfu. Mguno huo ni tabaka dhaifu likivunjika chini yake. Akiusikia akiwa penye ubapa, ameonywa bila gharama, na safari ya siku hiyo kwenye miteremko mikali imekwisha. Hapaswi kujadiliana nao.

Norway hutoa utabiri wa maporomoko kila siku katika msimu wa baridi, kupitia huduma yao ya Varsom, na upo kwa Kiingereza. Ndani yake hamna namba peke yake. Unaeleza tatizo la siku ni lipi, theluji mpya au bamba la upepo au tabaka dhaifu la muda mrefu au theluji iliyolowa. Uko upande gani wa mlima, kaskazini au mashariki. Na kuanzia mwinuko gani. Huko ndiko kwenye chakula. Kijana aliyesoma namba tu akaufunga ukurasa hajausoma utabiri. Kwa hiyo swali lako la pili liwe: "Tatizo la leo ni nini, na liko upande gani wa mlima?" Akilijibu, basi anaweza pia kukueleza kwa nini wamechagua mlima wanaokwenda, na hayo ndiyo mazungumzo ninayotamani muwe nayo.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko theluji yenyewe. Mtafiti mmoja wa Marekani, Ian McCammon, alichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ajali nyingi za maporomoko nchini mwake akitaka kujua kwa nini hata watu waliosomea hatari hii hufa mahali penye dalili za wazi. Alichokiona kinahusu watu kuliko mlima. Wanapazoea mahali na kuona hapana neno. Wanataka kukubalika na wenzao. Wameshapanga safari na kulipa gharama, hawataki kugeuka. Wanamwachia maamuzi yote yule anayeonekana kuwa mjuzi. Wanaona nyayo za wengine na kudhani nyayo ni ushahidi wa usalama.

Sasa mfikirie mwanao katikati ya hayo. Ni mgeni, ni mweusi pekee pengine katika kundi, ameanza skii juzi, na wenzake wamezaliwa ndani ya theluji. Amelelewa Dodoma, amefundishwa kumheshimu anayejua na kutokuwa mzigo kwa aliyemkaribisha. Ni malezi mema, na siyakosoi. Lakini mlimani yanaweza kumfunga mdomo wakati ambapo moyo unamwambia pale pana hatari. Wale waliokulia kule nao huchoka, hujionyesha, hukosea. Kutelezea skii tangu utotoni si sawa na kuyajua maporomoko. Katika makundi mazuri, neno la mtu mmoja asiyeridhika linatosha kuligeuza kundi zima, hata kama aliyelisema ndiye mchanga kuliko wote.

Hapo mama, una nguvu ambayo mimi sina. Utabiri naweza kumwelekeza, kifaa naweza kumtajia, ila ruhusa ya kuwa mwoga mbele ya wenzake ataipokea vizuri zaidi kutoka kwako. Mwambie kwa maneno yenu ya nyumbani kwamba akigeuka nusu ya njia hatakuwa amekuaibisha. Mwambie akisema "mimi hapa sipandi" na wakamcheka, arudi akakupigie simu. Na kama kundi hilo linawacheka wanaogeuka, atafute kundi lingine. Tromsø ni mji wa chuo kikuu, makundi hayakosekani.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, kwani watu hupenda kuvizungumzia na kuviegemea kupita kiasi. Kila mmoja katika msafara lazima awe na vitatu: redio ndogo ya kuvaa kifuani inayotuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, fimbo ya kukunja ya kuchokolea theluji yenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, na chepe la chuma. Kila mmoja, bila kubakiza. Redio ya mwanao inawasaidia wenzake wampate yeye, na chepe lake ni la kuwachimbua wao. Simu aiweke mbali na ile redio, walau sentimita 20, na wakati wa kutafuta walau 50, kwa sababu inaivuruga.

Vifaa hivyo vina thamani kwa sababu ya muda. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo ana nafasi kubwa sana ya kuwa hai, kama tisa kati ya kumi. Baada ya hapo nafasi hiyo inaporomoka, na ikifika dakika ya 35 anayepona ni mmoja kati ya watatu, au pungufu. Theluji ikishasimama inakaza, aliye ndani hawezi kuinua hata kidole, na hewa yake inakwisha. Helikopta hata ikiwa tayari haiwezi kuahidi dakika kumi. Wanaoweza kumwokoa ni wale wawili au watatu waliosimama juu wakati ule, kama wamefanya mazoezi, na kama hawakuwa wote kwenye mteremko kwa pamoja. Ndiyo maana mahali penye mashaka hupita mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Na wapo wanaofariki bila kukosa hewa kabisa, kwa kugongwa na miti na mawe njiani, ambao redio na chepe haviwasaidii. Januari 2019 watu wanne walifukiwa katika bonde la Tamokdalen, si mbali na Tromsø. Hatari ya maporomoko mengine ilikuwa kubwa hata waokoaji wakazuiwa kuingia, na ikapita takriban wiki mbili kabla miili kuanza kupatikana. Nakuambia habari hiyo nzito kwa sababu vijana wengi hudhani kifaa kinanunua usalama.

Umeuliza kama umkataze. Ushauri wangu ni usimkataze. Ukimkataza atakwenda bila kukuambia, na utakuwa umepoteza nafasi ya kuuliza. Milima ile ni mizuri mno, na kwa kijana aliye peke yake ugenini, katika mji ambao jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, kutoka nje na wenzake ni afya ya mwili na akili. Lakini muwekeane sharti, na sharti lenyewe liwe hili: msimu wake huu wa kwanza asikanyage mteremko unaozidi nyuzi 30, wala asipite chini ya mteremko kama huo, siku yoyote ambayo ngazi ni ya tatu au zaidi. Kuna mabonde na vilima vingi vya nyuzi 20 na 25 vya kumtosha mwanafunzi wa skii, na atafurahi vilevile. Pili, asome kozi ya maporomoko kabla ya msimu ujao. Zinatolewa kwa wanaoanza, huchukua siku mbili tatu, na ndani yake hufanya mazoezi ya kumtafuta na kumchimbua mtu hadi mikono iuzoee mpangilio. Kama una fedha ya kumtumia, itumie hapo kabla ya skii mpya.

Siku za safari, wekeaneni muda wa kupigiana simu. Wakati wa baridi Tromsø iko nyuma yetu kwa saa mbili, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi tofauti inakuwa saa moja. Akikuambia watakuwa wameshuka saa tisa alasiri ya kwao wakati wa baridi, kwako ni saa kumi na moja jioni. Ongezeni saa mbili za dharura, kwani betri za simu hufa haraka kwenye baridi na mabonde mengine hayana mtandao. Usianze kulia saa kumi na moja na dakika tano. Saa hizo mbili za dharura zikipita, usipige 112 kutoka Dodoma, maana itakupeleka kwa polisi wa hapa Tanzania. Kule 112 ni ya polisi wa Norway, na lazima ipigwe kutoka kule. Kwa hiyo leo hii, kabla ya Jumamosi, mwombe namba ya mwenzake wa bwenini ambaye haendi mlimani, anayejua Kiingereza, na ambaye kila safari ataachiwa ujumbe wenye jina la mlima, upande watakaopandia, idadi yao na saa ya kurudi. Iandike kwenye karatasi na kuibandika karibu na simu yako, kisha mpigie huyo kijana mara moja umsalimie, ili siku ukimhitaji asiwe anaisikia sauti yako kwa mara ya kwanza.